Pedali ya Cherehani ya Mama

Benta, uko? Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Ile cherehani ya zamani ya Mama, ile ya kukanyaga, nimeipatia mtu wa skrepu, wa vyuma chakavu, hapa Suna. Nilimnunulia Mama mpya ya stima, nyepesi. Nikadhani atafurahi juu magoti yanamsumbua.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Aliketi, akashika kitambaa, miguu yote miwili ikaanza kutafuta kile chuma kipana. Hakuna. Kuna kipedali cha plastiki, kidogo kama sabuni. Akakikanyaga, mashine ikakimbia, akavuta vidole haraka kutoka kwa sindano.

Benta, unajua Mama haoni tena. Alikuwa anashona kwa miguu, akitaka polepole inaenda polepole. Naishi naye na nikasahau.

Akaniuliza, "Hii inashona yenyewe. Sasa mimi ni wa kazi gani?"

Wa kazi gani, Benta. Mama yangu.

Nimekimbia kwa yule mtu wa skrepu. Ameshaivunja na nyundo. Nimepata pedali peke yake, nimemletea.

Ameiweka chini ya miguu. Sasa hivi anaikanyaga, polepole vile alizoea. Haijafungwa kwa kitu chochote.