Vidonge vya Baba

Kaka yangu,

Hatujambo. Paa limezibwa, na cherehani ya Mama nimeifunika.

Msibani hatukukuambia yote. Mama alipolalamika kwamba moyo unamwenda mbio, Baba alimgawia vidonge vyake vya mapigo ya moyo. "Meza, mama watoto. Mimi vimenituliza." Daktari anasema dawa inayotuliza moyo mmoja huweza kuvuruga mwingine, ndiyo maana hupima kwanza. Moyo wa Mama ulipunguza mwendo hadi ukasimama.

Sasa Baba hataki kumeza vyake, na moyo wake umeanza tena kurukaruka. Nilipombembeleza jana aliniuliza, "Mwanangu, huu wangu ukitulia, utulie kwa ajili ya nani?"

Mpigie simu, kaka.

Dada yako