Palizi Waliyoifuta kwa Makala Yangu

Nekesa mwanangu,

Najua husomi tena ninayoyaandika gazetini, na sababu unayo. Hata hivyo nakuandikia papa hapa, mbele ya watu, kwa kuwa ni hapa nilipokukosea.

Unakumbuka ulipoingia kikosi cha vijana wanaolipwa na serikali kutunza msitu? Kila Ijumaa ulirudi nyumbani Kitale na buti zako za mpira zimeganda udongo wa mlimani. Nikalalamika kuhusu sakafu yangu, nawe ukacheka: "Mama, huo ni udongo wa serikali, ufagie kwa heshima." Ulikuwa umemaliza chuo kikuu pale Kibabii, umekaa muda mrefu ukituma barua za kazi zisizojibiwa. Ndipo kwa mara ya kwanza nikakusikia ukizungumzia mwaka ujao bila kukunja uso.

Kisha ikaja siku ile ya kupanda miti katika msitu wa umma, juu ya Kimilili. Hema, spika mbili, wakubwa wenye glavu mpya. Mmoja wao akafukia mche pamoja na mfuko wake wa plastiki, akapigwa picha, akanawa mikono. Ulinivuta kando.

"Mama, achana na hawa. Twende huku juu nikuonyeshe ile tulipanda mwaka jana. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nikasema nina makala ya kutuma.

"Nusu saa tu, Mama."

Siku nyingine, nikakujibu.

Nikatuma makala. Niliyaita yote maigizo: fedha za umma zinazolipa vijana kuwashikia wakubwa ndoo za maji. Ilikuwa makala kali na niliifurahia, nakiri. Simu zikamiminika. Hakuna aliyeniuliza kama nilifika juu.

Wapangaji wa bajeti ya kaunti waliipenda kuliko wasomaji wote. Katika kikao chao mmoja aliinua gazeti lenyewe akasema, hata mama wa Nekesa, mmoja wa vijana hao, anaona huu ni upotevu. Wakafuta mishahara ya palizi. Siku ya kupanda miti, pamoja na hema lake, wakaibakiza. Yaani kile nilichokishambulia kimesalia, na wewe ndiye uliyeondoka, ukaenda Naivasha kufunga maua ya kusafirishwa ng'ambo. Ulipokuwa ukipanga begi hukunigombeza. Ulisema tu, "Wewe hushinda kila mtu, Mama. Lakini hukuja kuona." Afadhali ungenitukana.

Mwezi uliopita nilikwea kule juu mlimani. Chebet, mwenzako wa kikosini, ambaye sasa anauza sukuma wiki sokoni Kimilili, alikubali kunipeleka, ila hakunihurumia.

"Mama Nekesa! Umekuja kutuandika tena? Ngoja basi nichane nywele."

Tulipofika sikuona miti. Niliona nyasi zikinifika kiunoni. Chebet akazitenganisha kwa mikono, na huko chini kulikuwa na mche wa podo, mti wa asili wa mlima huu, umegeuka manjano, umekabwa na mmea mtambaazi. Akafungua mahali pengine. Huo ulikuwa umekauka.

"Hii laini yote ya miche ni ya Nekesa," akasema. "Alikuwa anatuambia podo haitaki haraka, inataka kusafishiwa miaka kadhaa. Sisi tulimaliza mwaka mmoja."

Nikapiga magoti nikaanza kung'oa nyasi. Akanishika bega.

"Wacha, Mama. Mimi nilikuwa nakuja bure wiki mbili, ati naipenda. Unajua wakubwa walisema nini? 'Si mnaona, vijana wanajitolea.' Ukipalilia bure, hawatalipa mtu tena."

Nikaziachia nyasi. Tukashuka tukiiacha ile miche michache iliyo hai humo humo gizani.

Nina hasira, Nekesa, na safari hii nimeijua njia yake. Kupanda mti ni kazi ya asubuhi moja. Msitu ni miaka ya watu walioinama, na walioinama hula, hulipa kodi ya nyumba, huugua. Ardhi ile ni ya umma, basi umma uilipe mikono inayoitunza, kama unavyomlipa karani anayetunza mafaili yake. Karani haambiwi ajitolee kwa mapenzi ya mafaili. Anayeuita mshahara wa palizi upotevu, aende akazitenganishe zile nyasi kwa mikono yake. Nami nilikuwa wa kwanza kuuita hivyo.

Wiki ijayo wananchi wataitwa Bungoma kutoa maoni kuhusu bajeti. Nimeomba kuzungumza. Nitawaambia makala yangu ilisema uongo kuhusu kazi yenu, na kwamba niliiandika nikiwa nimeketi chini ya hema lao. Huenda wakanicheka. Huenda wakakubali, na nyasi ziwe zimeshamaliza miche iliyobaki.

Sikuiti urudi. Sina kazi ya kukurudishia. Nina jina lako, ambalo lilitumiwa kukufukuza, na nitalitaja mbele yao kwa sauti nikieleza ulichokuwa ukifanya kule juu. Wakikataa, nitakuandikia kwamba wamekataa.

Jitunze huko, mwanangu, na ule vizuri.

Mimi mama yako, niliyekukosesha kazi.