Tundu Uliloacha Ukutani kwa Mama

Kaka yangu Otieno,

Barua hii naiweka kwenye kikundi cha simu cha familia, isomwe na kila mtu, Baba mdogo akiwa wa kwanza. Wewe ulilaumiwa simu ikiwa kwenye spika, sebule nzima ikisikia, kwa hiyo siwezi kukunong'oneza pembeni. Nimeiandika nikaifuta mara tatu. Lakini umesema Desemba huji. Umemwambia Mama huwezi tena kukanyaga nyumba ambayo nusura umuue ndani yake. Si wewe, Otieno. Ni mimi, na nimekaa kimya miezi minne.

Unakumbuka ile Krismasi ulipoamka mapema ukaenda Kisumu mjini, ukarudi na hita ya maji ya gesi kwenye boksi? Mama alikuwa analilia magoti yake. Maji baridi ya asubuhi yalimtesa mpaka akawa anangoja jua lipande ndipo aoge. Ukasema kazi yako huko Uingereza ni kufungia watu mashine za gesi za kupasha nyumba joto, mtaa baada ya mtaa, na mama yako mzazi anatetemeka Nyakach, hiyo ni aibu ya kuvaa shingoni.

Ulitoboa ukuta wa bafu kwa nyundo na patasi, karibu na dari, tundu pana kama kisahani. Mimi nilikushikia ngazi, vumbi lote likanimwagikia kichwani. Baba mdogo alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Sasa unaharibia mama yako ukuta ya nini?"

"Moto wa gesi unakula hewa, Baba. Hili tundu ndilo pua ya mashine. Lisizibwe hata siku moja."

Uliposema hivyo uliniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayebaki na Mama. Nikakujibu kwa mzaha, "Nimesikia, fundi mkuu." Nilisikia kweli. Siwezi kusema sikuambiwa.

Tulipokuwa tunakunywa chai ukatuchekesha. Ukasema huko wateja wako wameanza kung'oa zile mashine za gesi kwa sababu moshi wake unachafua hewa ya dunia, wanaweka mashine nyingine zinazovuta joto kutoka hewa ya nje, hata theluji ikianguka. Mama hakukuamini. "Joto gani iko kwa barafu, wewe mtoto?" Ukacheka, ukasema, "Na hapa jua linatuchoma kisogo mwaka mzima, mimi ndio naleta mtungi." Sote tulicheka. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Mama aliipenda hita yako vibaya sana. Alikuwa anaamka saa kumi na mbili, anawasha mwenyewe, na majirani wakipita wanamsikia akiimba nyimbo za kanisani. Min Otieno anaoga maji ya mwanawe, ndivyo walivyosema.

Halafu wadudu wa ziwa wakaja. Unawajua, wanapanda juu ya maji kama moshi, na upepo ukigeuka wanatumwagikia sisi. Safari hii walikuwa wengi ajabu. Waliingia bafuni kupitia tundu lako, wakajaa kwenye taulo, kwenye ndoo, kwenye nywele za Mama. Akaniita, "Adhiambo, hawa wadudu wananiingia mdomoni!" Nikachukua leso yangu kuukuu ya kujifunga kiunoni, ile ya maua mekundu niliyonunua soko la Kibuye siku nilipoanza kuuza mapazia, nikapanda kwenye kiti, nikaikunja nikaishindilia kwenye tundu. Si kila nyumba huku ufukweni inaziba matundu wadudu wakija? Nilijiambia ni siku mbili tu. Upepo uligeuka, wadudu wakaisha, mimi nikaisahau leso.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilikuwa jikoni, chai inakaribia kufurika, ndipo nikagundua maji ya bafu yanamwagika muda mrefu na Mama haimbi. Niliita. Niliita tena. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Niliupiga kwa jembe mpaka ukaachia. Mama alikuwa chini, macho nusu wazi, maji ya moto yanamtiririkia mguuni. Nilimburuta mpaka uani, nikamlaza kwenye nyasi, nikarudi mbio kufunga gesi. Nilipoinua macho nikaiona leso.

Otieno, sikia nilichofanya. Kabla ya kumwita jirani hata mmoja, niliivuta ile leso nikaificha nyuma ya debe la unga. Mama yetu amelala kwenye nyasi anakoroma vibaya, na mimi naficha nguo. Ndipo nikapiga mayowe.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari alisema ni sumu ya moto wa gesi uliokosa hewa, na haina harufu, mtu anasinzia tu. Akasema tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Jioni ile Baba mdogo akakupigia. "Gesi yako karibu imalize mama yako!" Ukaniuliza mimi, sauti imekauka.

"Adhi, tundu liko wazi?"

Nikasema, "Liko wazi."

Na lilikuwa wazi, kwa sababu nilikuwa nimelifungua kwa mkono wangu asubuhi hiyo. Nilikusikia ukivuta pumzi. Ukasema, "Basi ni mikono yangu," ukakata simu. Tangu siku hiyo Mama akawa ananiuliza kwa nini Otieno hacheki tena kwenye simu, na kama ni kweli umeacha kazi yako ya gesi kwa ajili ya hayo. Nikawa namwambia labda ni baridi. Ewe Mungu, aibu niliyoila!

Hita tuliitoa. Ikabaki shida ya magoti ya Mama. Baba mdogo alitaka tangi la kuni, lile linalokaa nje ya ukuta, lakini moshi si ndio ulikuwa unamkohoza Mama miaka yote ile? Na miti iliyobaki hapa unaijua, unaweza kuihesabu umekaa. Umeme unakatika tukiwa na sabuni machoni, halafu Mama anauogopa ukiwa karibu na maji. Gesi ya kinyesi cha ng'ombe nayo inataka mtu wa kukoroga kila siku, na sisi tuna ng'ombe wawili na Mama hainami. Nikakumbuka maneno yako ya jua na kisogo. Nikamtafuta fundi wa Awasi, tukaamua sola ya maji juu ya bati. Wewe ndiye uliyeichagua, hata kama hukujua.

Lakini sikuweza kumwacha Mama aoge maji hayo kabla ya kujua. Jumapili baada ya kanisa, akichambua mboga, nilimwambia yote. Aliacha mboga.

"Ile leso ya maua nyekundu?"

"Ndiyo, Mama."

"Yawa, Adhiambo. Kuziba ni kusahau, ningesahau hata mimi. Lakini umeacha mtoto wangu alie peke yake huko kwa baridi? Utamwambia wewe mwenyewe, si mimi."

Hakunisemesha tena mpaka Jumatatu jioni. Ilinistahili.

Fundi alikuja Alhamisi. Aliweka tangi juu ya vioo vya kunasa joto la jua, akasema maji ya moto yatapanda yenyewe bila mashine, na siku za mvua tutachemsha sufuria moja kuongezea. Mama aliuliza maswali mengi, akaridhika. Kisha fundi akakoroga simenti, akapanda ngazi alizibe tundu lako, maana sasa hakuna moto wa kulihitaji. Mama alitoka na fimbo yake akamgonga mguuni.

"Wachana nayo! Otieno ndiye alitoboa hiyo ukuta. Otieno atakuja aizibe."

Fundi alishuka. Simenti iliganda kwenye karai.

Wadudu wamerudi wiki hii. Wanaingia wanavyotaka, wanajaa kwenye taulo na kwenye ndoo, na Mama anaoga nao, hataki hata gazeti niweke pale. Baba mdogo, ukimaliza kusoma hapa, mpigie huyu mtoto umwambie kilicho sawa, tena kwenye spika. Otieno, nisamehe ukiweza, na usipoweza, njoo tu. Ngazi nitakushikia mimi.

Dada yako, mwenye leso,
Adhiambo