Mukono wa kushoto kwa muzee

Mujukuu wangu Neema,

Jambo kule Kisangani. Siye hapa Ngezi tuko muzima, ng'ombe ya mujomba wako imezaa. Weye unaandika tu wakati uko na shida, aibu yako! Unasema skuti wamekuchagua mukubwa wa distrikte, kazi ya kujitolea bila mushahara, na unauliza watu watakuheshimu namna gani.

Mimi nilikuwa sheftene, kiongozi wa batoto wa skuti, mama yako hajazaliwa. Siku moja tulitembea milimani, njia ya Mahagi. Ukungu ukashuka, ng'ombe zikapita ndani yake polepole kama moshi. Mvua ilikuwa karibu. Muzee mumoja akasimama mulangoni kwake. Nikamupa mukono wa kushoto, salamu ya siye skuti. Nilijiona mutu mukubwa!

Akakasirika, maana kwao mukono wa kushoto ni matusi: "Nani alikufundisha kunitukana?"

Batoto walikuwa wanatetemeka na baridi nyuma yangu. Nikapiga magoti mu matope, nikatoa mikono yote mbili.

"Baba, mimi mutoto wako. Tunaomba fasi ya kulala."

Akaniangalia sana. Kisha akafungua mulango.

"Ingiza batoto yako, sheftene."

Hata leo naisikia ile sauti mu ukungu. Skuti walinipa fulari, kile kitambaa cha shingo, lakini ile jina ya sheftene naona nilipewa na ule muzee. Kubali kazi, na uache kulialia.

Tate yako, mama ya mama yako