Ng'ombe wa Mzee Manyanda

Prisi upo? Niko huku Sibwesa, nimekaa tu, mwili kama si wangu.

Unajua ile kazi ya damu ya ng'ombe, tunaihifadhi kwenye friza ije kupimwa tujue kwa nini wengine hawaugui ugonjwa wa ndorobo. Sharti lilikuwa moja tu: ng'ombe wasiwe ndugu. Ndiyo maana nilipita kaya kumi na nane, kila kaya nachukua wachache, nawatoa damu na kuwavika hereni za namba.

Leo nimerudi kuandika majina ya wenye ng'ombe. Kaya ya kwanza: "Ni wa Mzee Manyanda, mimi natunza tu." Ya pili, Manyanda. Ya tatu, Manyanda!

Nikamfuata mwenyewe. Ananiambia taratibu, "Mwanangu, ng'ombe wote uweke zizi moja? Ugonjwa ukiingia si unabaki na kamba? Niliwagawa kwa watu. Wote uzao wa majike yangu mawili."

Kaya kumi na nane, Prisi. Ukoo mmoja. Miaka miwili ya kazi.

Nikamuuliza mbona hamkusema. "Uliuliza wanalala wapi. Hukuuliza ni wa nani."

Na mimi Msukuma! Kuwekesha ng'ombe kwa watu nimekua naona.

Sijalia. Nimekunywa maziwa yake, nikashukuru. Akanipeleka zizini, akanionyesha jike jekundu. "Huyu peke yake si wangu. Ni wa baba yako, aliniachia mlipohamia Shanwe."

Sikioni ana hereni niliyomvika mwenyewe. Namba moja.