Nta ya Bi Mwanaisha

Alhamisi, Lamu

Nimemharibia Bi Mwanaisha, wala hakunilaumu.

Kilikuwa kiolezo cha nta cha kidani chenye umbo la hilali, kazi ya mwisho ya marehemu mumewe, mfua fedha. Alama ya dole gumba lake ilibaki mgongoni. Ncha moja ilipinda. Bi Mwanaisha akanipa mashine ya kukaushia nywele ili kilainike, akinyooshe: "Puliza nta tu, bwana."

Nikaipuliza yote. Upepo wa moto uliiyeyusha juujuu, ukaisukuma kwa viwimbi hadi ukingoni, ukairarua ikawa matone yaliyoganda ukutani.

"Mwandishi mzima, hujui nta?" Akagusa ncha ya kidole chake.

Waamu huita ncha nta. Miaka kumi naandika habari za hapa.

Nilipoondoka alikuwa akibandua matone kwa ukucha, akitafuta lenye alama ya dole.