Bawa Lililofumuliwa

Furaha mjukuu wangu, amani iwe nawe huko Nyamitanga. Hapa Nakivale maharagwe yameota vizuri. Dada yako Neema ndiye anaandika ninavyosema.

Unauliza kama ni wizi kupeleka shindanoni mchoro wako wa ndege ndogo ya kiti kimoja, kwa kuwa unafanana na michoro ya wengine. Nilipokuwa msichana, nikiwa fundi cherehani huko Uvira, rubani aliniletea bawa la kitambaa la ndege yake ndogo, lililopasuka. Nikalifumua, nikalilaza juu ya kitambaa kipya ili nikate jingine kama hilo. Nikamwuliza:

"Ninaiga hivi, aliyelibuni hatakasirika?"

Akacheka. "Dada, ndege hizi ni ukoo mmoja. Lilianza bawa tupu la kuelea hewani. Mmoja akaongeza kiti, mwingine mota. Kila fundi na kakitu kake."

Neema anasema kiti umekipanua ili mimi nienee. Hicho ni chako. Upeleke mchoro wako.

Tate wako